Mshono wa Kulia wa Blauzi ya Wifi

Kila Jumamosi, akishamaliza kuosha masufuria ya shule, Wifi Redio alikuwa anakuja kwa Fundi kujitazama kwenye kioo.

Kioo chenyewe kilikuwa mlango wa kabati bovu, umeng'olewa ukaegemezwa ukutani kwenye chumba cha mbele, pale Fundi anaposhonea nguo za watu. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia katikati, pasi chini ya meza, na nyuzi zimetapakaa mpaka kwenye nywele za mwenye nyumba. Kwa Redio hakukuwa na kioo kinachoonyesha zaidi ya meno. Kwa hiyo anakuja, anavua, anatwaa kwenye waya blauzi yake ya bluu ambayo huiacha hapohapo wiki nzima, anafunga vifungo vitano, anageuka huku, anageuka kule, halafu anauliza:

"Wifi, imebana au imelegea?"

Na Fundi, pini mdomoni, anajibu, "Imelegea."

Mnaona hizo pini? Mwanamke yule alikuwa na kimto cha kuchomea pini, kipya kabisa, kimening'inia kwenye mkono wa cherehani. Lakini Jumamosi pini zilihamia mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hasemi mengi, na hakuna anayemlaumu.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana uongo huu haukuanza kwenye blauzi.

Miaka miwili kabla ya hapo Fundi aliumwa, na si kuumwa kwa kujidekeza. Uvimbe kwenye ini. Tumbo lilijaa, macho yakawa ya njano, mikono ikabaki kama ya mtoto. Daktari, mwanamke mwembamba mwenye miwani na asiyependa kuzungusha maneno, aliwaonyesha picha, akasema umekua mno, hakuna pa kukata. Akatoa vidonge vya maumivu, akasema mgonjwa arudi nyumbani akae na watu wake. Mume wa Fundi ni kinyozi, mtu anayeongea na vichwa vya watu kutwa nzima bila kuchoka. Siku ile alitembea naye mpaka nyumbani hajafungua kinywa.

Aliyekataa alikuwa dada yake kinyozi, huyu Wifi Redio. Mjane, mpishi wa shule, mikono mipana kama mwiko wake, na sauti isiyohitaji simu. Jina alibandikwa na kinyozi mwenyewe wakiwa wadogo: ukiiwasha asubuhi, haizimiki mpaka ilale. Redio alisema, "Mdogo wangu, mimi sizikwi na madaktari na simziki wifi yangu kwa maneno ya madaktari." Akaenda nyuma ya soko kwa mzee wa mizizi, akarudi na furushi.

Kuanzia hapo, kila alfajiri, kabla hajabandika chai ya wanafunzi, anachemsha mizizi kwenye jiko la shule. Anaijaza chupa ya chai, anaibeba kwa miguu mpaka kwa Fundi, anamimina kikombe kimoja kikubwa. Maji meusi, yanatoa harufu ya kamba iliyoungua.

"Kunywa, wifi yangu."

Siku ya kwanza Fundi alipiga funda moja, akalitapikia kifuani kwake mwenyewe. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akasema kwa sauti ya mgonjwa, "Iweke hapo ipoe, wifi. Nitakunywa." Na Redio, ambaye anachelewa kazini, akaiweka, akatoka mbio.

Kando ya kitanda kulikuwa na gunia la viraka, vile vipande vinavyobaki mtu akishakata nguo. Vingi vilikuwa vyeupe, vya mashati ya shule. Fundi akanyoosha mkono, akakimimina kikombe guniani, chwaa. Kitambaa kinakunywa kila kitu, hakikunji uso. Kesho yake hivyohivyo. Na keshokutwa. Miezi mitatu na ushei viraka vile vilitibiwa vizuri kuliko kiumbe chochote katika mtaa ule.

Kwa nini hakusema, "Wifi, siiwezi"? Kwa sababu aliiona mikono ya Redio imejaa malengelenge ya mvuke. Alijua anakufa, akaona afe bila kumvunja moyo mtu aliyeamka alfajiri kwa ajili yake. Haya. Hapo tumwachie. Mtu anayekufa anaruhusiwa uongo mmoja.

Shida ni kwamba hakufa.

Mwezi wa nne alitaka chakula. Mwezi wa tano alikaa mwenyewe, akaomba nyuzi. Macho yakarudi kuwa meupe, tumbo likashuka. Wakaenda hospitali, Redio mbele kama anaongoza harusi. Daktari akapiga picha, akaitazama, akavua miwani akaifuta, akapiga nyingine.

"Uvimbe siuoni," akasema. "Umetumia nini?"

Hata Fundi hajavuta pumzi, Redio kashasimama. "Dawa, daktari! Kikombe kila asubuhi, kwa mkono wangu huu! Ninyi si mlituambia tukakae nyumbani? Tumekaa!"

Daktari akamgeukia mgonjwa. "Uliinywa?"

Pale ndipo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Chumba kina watu watatu tu, wote wamefurahi, uongo bado mdogo, ungetolewa kama mwiba na watu wangecheka. Fundi akaitazama ile mikono ya wifi yake yenye makovu, akasema, "Niliinywa."

"Basi mimi sijui," daktari akasema. "Inatokea, mara chache sana, na ukiniuliza kwa nini sina jibu. Nenda salama."

Hata Fundi mwenyewe hakujua kapona vipi. Hakujua siku ile, na hakujua baadaye. Lakini kutojua hakutangaziki mtaani, dawa inatangazika. Redio akatangaza. Sokoni, jikoni, kwenye foleni ya maji, kwa wazazi wanaoleta watoto shule. Watu wakaanza kuja kumwona aliyetoka kaburini. Mwanzoni Fundi alikuwa anainama tu, anasema, "Ndiyo, namshukuru wifi." Baadaye akazoea. Akaanza kukunja uso kuonyesha uchungu wa dawa ulivyokuwa. Akaanza kufumba macho na kushika koo. Mtu aliyeonja mafunda mawili akayatapika! Na wale waliokuja kumwona hawakuondoka bila kupimwa gauni. Alipendeza, alisikilizwa, alikaribishwa kiti cha mbele. Kumwonea huruma wifi kuliishia siku ile kwa daktari, enhe, yaliyobaki yalikuwa ya kwake.

Vile viraka je? Redio alitaka kufagia chumba cha mgonjwa, na Fundi akashtuka. Vilishakauka, vyeupe vimegeuka rangi ya chai nzito, harufu iko palepale. Akavishindilia ndani ya mto, akaushona mshono mara mbili, akauweka kwenye kiti cha cherehani. Akaukalia miaka miwili. Watu wakiuliza mbona chumba kinanuka dawa, anasema, "Imeniingia mwilini."

Halafu Redio akaota kitu kwenye titi la kulia.

Alikigusa akioga. Mtu wa kwanza kumwonyesha alikuwa Fundi, mlango umefungwa, blauzi imefunuliwa. "Gusa hapa, wifi. Kama harage, eh?" Binti yake Redio, anayesomea uuguzi, akamburuza kwa daktari yuleyule wa miwani. Majibu yakatoka: lile harage ni baya, lakini ni dogo, halijaenda popote, aje wiki ijayo litolewe.

Redio akacheka mpaka akakohoa. "Nikatwe? Mimi? Mimi ninayeijua njia ya kwa mzee nikiwa nimefumba macho?"

Akamchukua Fundi wakaenda wote nyuma ya soko. Yule mzee wa mizizi, na hili lazima lisemwe, hakuwa tapeli. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Dada, mimi titi silishiki. Nenda kwanza wakalitoe, ukirudi nitakupa ya kukutia nguvu."

"Mzee, usinitanie. Ini umeliweza, titi likushinde? Si huyu hapa!" Akamvuta Fundi mbele kama mbuzi wa mnada. "Huyu alikuwa anasubiri jeneza!"

Mzee akamtazama Fundi usoni. "Mama, ile dawa uliimaliza yote?"

Hata mganga aliuliza! Daktari kauliza, mganga kauliza, wote wawili wamemfungulia mlango, na mwanamke yule kasimama kizingitini kama kapigiliwa misumari.

"Yote," akasema.

Mzee akahema, akatafuta furushi.

Ndipo zikaanza hizo Jumamosi za kioo. Redio alikuwa na akili zake. Alisema binti yake anamtisha kwa vipimo vya hospitali, basi yeye atakuwa na kipimo chake: blauzi ya bluu, iliyoshonwa na Fundi mwenyewe, iliyomkaa sawasawa kabla ya ugonjwa. Ikibana, dawa imeshindwa, ataenda kukatwa. Ikilegea, dawa inafanya kazi. Na kwa kuwa kioo kiko kwa Fundi, blauzi ikae kwa Fundi.

Mwezi wa pili ilibana. Kifungo cha tatu kilivutika upande wa kulia, kitambaa kikafanya mikunjo kuelekea kwapani. Redio akanyamaza. Redio, kunyamaza! Uso ukamporomoka kama shuka lililokatika kamba. "Wifi," akasema polepole, "imebana, sivyo?"

Na alikwishasema mwenyewe kwamba ikibana anaenda. Fundi alikuwa na kazi moja tu, kuitikia. Neno moja! Badala yake akasema, "Hiyo ni pasi niliipiga vibaya, kitambaa kimejikunyata. Iache niinyooshe."

Redio alipoondoka, Fundi akaigeuza blauzi nje ndani. Kila nguo nzuri huachiwa kitambaa cha akiba ndani ya mshono, kwa siku mtu akinenepa. Akafumua mshono wa kulia kuanzia kwapani, akatoa nusu kidole cha ile akiba, akashona upya, akapiga pasi. Kwa macho hutajua. Alijiambia anamwondolea mtu hofu wiki moja tu, wiki ijayo atamweleza yote.

Wiki iliyofuata Redio akavaa, akafunga vifungo, akajishika kiuno mbele ya kioo, akapiga yowe lililoleta majirani mlangoni.

"Imelegea! Wifi, tazama! Linapungua!" Akamkumbatia Fundi, akamzungusha, futi ya kupimia ya shingoni ikaanguka, akaikanyaga. "Si nilisema? Si nilisema mimi?"

Fundi akaokota futi. Akachukua pini nne mezani, akaziweka mdomoni.

Akaifumua mara ya pili. Akaifumua mara ya tatu. Harage likawa kama kitunguu kidogo, na kila lilipokua, mwenye mkono mzuri alilipatia nafasi. Fundi hodari kweli! Mshono umenyooka, huoni hata tundu la sindano ya zamani. Alichoshindwa kukisema kwa mdomo alikificha kwa mkono.

Binti wa Redio akaja siku moja mchana, na sare yake ya chuo. "Mama Fundi, nakuomba. Mimi hanisikii, mjomba hamsikii. Wewe tu. Mwambie aende. Hata kama dawa anakunywa, aende."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Jumamosi."

Jumamosi ikaja. "Imebana au imelegea?" Mnalijua jibu.

Mara ya nne Fundi alipoigeuza blauzi nje ndani, mkono wake ulisimama. Akiba ilikuwa imekwisha. Uzi ulikuwa unapita pembeni kabisa, pale kitambaa kinapoanza kuchanika. Hapakuwa na kitu cha kutoa tena. Alishona alichoweza, upana wa ukucha tu, akakaa na ile blauzi magotini mpaka mumewe akaingia kuuliza chakula.

Hivyo msije mkasema dhamiri yake iliamka. Kitambaa ndicho kilichoisha.

Jumamosi ile ilikuwa ya mwezi wa saba. Redio akavaa. Kifungo cha tatu kikakataa hata kufika tunduni. Akavuta, mshono wa kulia ukafunguka trrr, ukamwacha na kwapa wazi.

"Wifi?" akasema.

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kimto. "Wifi, kaa."

"Sikai. Sema nimesimama."

"Ile dawa sikuinywa."

Redio akakodoa macho, halafu akacheka. "Umetumwa na binti yangu. Nyinyi wawili mmekaa mkapanga. Kwa hiyo ulipona kwa nini, kwa hewa?"

"Sijui, wifi. Wallahi sijui. Daktari mwenyewe hajui. Lakini dawa sikuinywa. Nilikuwa naimwaga ukishatoka."

"Mwongo! Vikombe vilikuwa vinarudi vikavu!"

Fundi akainuka kwenye kiti. Akachukua mkasi mkubwa wa kukatia, akautia kwenye mto wake wa kukalia, akaupasua kutoka pembe hadi pembe. Viraka vikamwagika sakafuni, vya rangi ya chai nzito, vikavu kama maganda, na ile harufu ya kamba iliyoungua ikajaa chumba kizima.

Redio alipiga magoti. Akaokota kiraka kimoja, akakinusa. Harufu ile angeijua hata usingizini. Akaokota cha pili. Akawa anavipanga tu juu ya paja, kimoja juu ya kingine, kama anakunja nguo za mtoto.

"Na blauzi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nilikuwa naipanua."

"Mara ngapi?"

"Nne."

"Siku ile nilipokukumbatia ilikuwa ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Ulikuwa unanicheka?"

"Sikucheka, wifi. Nilikuwa naona aibu."

"Aibu," Redio akasema. "Aibu yako nimeivaa mimi kifuani miezi mitano."

Akavua ile blauzi iliyochanika, akavaa gauni lake, akaitia kwenye mkoba pamoja na kiraka kimoja, akatoka. Hakupiga kelele. Majirani waliokuwa dirishani walisema baadaye hawakusikia chochote, na hicho ndicho kilichowatisha.

Jumatatu alikuwa hospitali. Titi likatolewa. Lakini sasa ugonjwa ulikuwa umeshafika kwapani, na daktari wa miwani, asiyependa kuzungusha maneno, akasema wangekuja ile wiki aliyowaambia, yangekuwa mazungumzo mengine. Sasa ni dripu, na kusubiri. Nywele zilipoanza kutoka, kinyozi alimkalisha dada yake kwenye kiti chake cha kazi akamnyoa zilizobaki, wembe unapita taratibu, na ilikuwa mara ya pili katika maisha yake kunyoa, kutembea au kufanya lolote bila kuongea.

Nyumbani alimuuliza mkewe kitu kimoja tu. "Ulikuwa unamwonea haya dada yangu, au ulikuwa unapenda kutazamwa?"

Fundi akainuka, akaenda kubandika chakula.

Yeye alidhani Redio atamtangaza. Alijiandaa kutukanwa sokoni, akajifunga kanga mbili kabisa. Lakini wiki ikapita, ya pili ikapita, watu bado wanamsalimia vizuri, bado wanamwita aliyetoka kaburini. Yule mwanamke asiyeweza kuficha hata bei ya chumvi alikuwa hajamwambia mtu. Fundi akaenda chumbani kwa Redio, akasimama mlangoni.

"Wifi, mbona hujasema?"

"Kuzunguka kutangaza nilizunguka mimi," Redio akasema, kageukia ukuta. "Kuyarudisha utazunguka wewe. Nyumba kwa nyumba. Uanze na zile zenye mgonjwa."

Akazunguka. Alipiga hodi, akasimama ukumbini kwa watu, akasema, "Ile dawa sikuinywa." Wengine walimfungia mlango. Bibi mmoja alimtemea mate karibu na kiatu. Mmoja mwenye mume mgonjwa alimuuliza, "Sasa ndiyo unakuja?" na hilo lilimuuma kuliko mate. Kwa mzee wa mizizi alienda mwisho. Mzee alimsikiliza akiwa anakata magome, akasema, "Nilikuuliza, mama," akaendelea kukata.

Miezi ikapita. Jumamosi moja mchana, kwenye ile saa ya zamani ya masufuria, Redio akaingia chumba cha mbele. Kitambaa kichwani, amepungua, lakini kwa miguu yake. Mkononi ile blauzi ya bluu, bado imechanika. Fundi alikuwa ameketi kwenye mbao tupu. Mto mwingine hakushona. Akainuka haraka, mkono ukaenda kwenye pini.

"Weka chini hizo," Redio akasema. "Sijaja kukusamehe. Nimekuja kushonewa."

Akaivaa. Upande wa kulia ukaning'inia mtupu. Akasimama mbele ya kioo, akanyoosha mikono pembeni.

"Pima. Na useme kwa sauti."

Fundi akaweka futi katikati ya kifua, akaipeleka kulia mpaka kwapani, vidole vikipita juu ya kovu. "Sentimita kumi na saba."

"Sikusikia."

"Kumi na saba!"

"Kushoto?"

"Ishirini na nne."

Redio akajitazama kiooni. "Haya. Ikate hivyohivyo. Usitie sponji."

"Nitaimaliza Jumatano, wifi, nitakuletea mwe..."

"Nani kasema naiacha?" Akavuta kigoda, akakiweka ubavuni mwa cherehani, palepale sindano inapoonekana, akakaa, mkoba magotini. "Blauzi yangu hailali humu tena. Shona, nakutazama."